Maua na Maporomoko Hayangoji Kiangazi

Anayepanga kutalii Tanzania huambiwa na karibu kila mtu: subiri kiangazi. Nenda kati ya Juni na Oktoba, barabara zikiwa kavu, nyasi zikiwa fupi na wanyama wakiwa wamekusanyika kwenye maji. Kwa mbuga za wanyama ushauri huo ni mzuri. Kwa Kitulo, uwanda wa maua wa Nyanda za Juu Kusini, ni kosa, tena kosa la gharama. Mtu atasafiri kilometa zaidi ya 800 kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya mwezi wa Julai, atapanda hadi kwenye uwanda, na atakachokuta ni nyasi zilizokauka, upepo unaokata ngozi na, asubuhi nyingine, sakitu nyeupe juu ya majani. Maua aliyoyaona kwenye picha yako chini ya miguu yake, yamejificha ndani ya viazi na vitunguu vyake udongoni, yanangoja mvua. Na maporomoko ya Rungwe jirani, ambayo angeweza kuyapitia siku ya pili, yatakuwa yamepungua nguvu.

Mvua inayofungua maua ya Kitulo ndiyo inayojaza mito ya Rungwe, na ndiyo hiyohiyo inayoharibu barabara za kufikia kote kuwili. Huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine. Ushauri wangu ni kuikubali mvua tangu siku ya kupanga safari, kisha kuzipanga siku na saa zako kwa kuifuata yenyewe. Ukifanya hivyo, safari ya kujiongoza mwenyewe katika pembe hii ya nchi inawezekana kabisa, hata kwa familia ya kawaida isiyo na kampuni ya utalii nyuma yake.

Anza na kalenda. Mkazi wa Tanga, Arusha au Mombasa amezoea vuli na masika, mvua mbili zenye ukavu katikati, na hupanga likizo kwa mazoea hayo. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja tu wa mvua. Huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba na kwenda hadi Aprili, na upande wa Tukuyu, ambako hewa yenye unyevu ya Ziwa Nyasa hupanda na kukutana na milima, mvua huweza kuvuka hadi Mei na kuendelea. Maua huifuata. Novemba hutokea yale ya mwanzo, mafupi, yanayokimbilia kuchanua kabla nyasi hazijayafunika. Desemba hadi Machi ndicho kipindi chenyewe, okidi zikiwa nyingi. Aprili bado kuna cha kuona, ila barabara huwa zimechoka kwa miezi yote ile ya matope. Ukiniuliza mwezi mmoja, nitakwambia Februari.

Tena usidhani kwamba maua yote hutoka pamoja. Uwanda hubadilisha nguo kila baada ya majuma machache: rangi ya njano iliyotawala bonde fulani mwezi huu, mwezi ujao huipisha zambarau au nyeupe. Ukikutana na mtu aliyekwenda Desemba akakusimulia alichoona, msikilize, lakini usiende Machi ukitafuta kilekile.

Hifadhi ya Taifa Kitulo ilitangazwa mwaka 2005. Ina kilometa za mraba 413 hivi, na ndiyo ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa kwanza kabisa kwa ajili ya kulinda mimea. Uwanda uko meta 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, kati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone, na kilele cha Mtorwi hufika meta 2,961. Aina za mimea zilizoorodheshwa ni kama 350, na kati yake 45 ni okidi za ardhini, yaani zinazoota udongoni na si juu ya miti. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Wataalamu wa mimea wamepaita Serengeti ya Maua, jina ambalo mimi silipendi sana, kwa sababu humfanya mgeni atazame mbali akitafuta makundi makubwa, wakati mambo ya Kitulo yako kwenye kifundo cha mguu.

Jambo linaloifanya hifadhi hii ifae kwa mtu anayejiongoza ni kwamba uwandani hakuna simba wala tembo wala nyati wa kukuzuia kushuka kwenye gari. Linganisha na Aberdare ya Kenya: kule nako kuna nyanda za juu za ajabu na maporomoko ya Karuru yenye kimo cha meta 273, lakini nyati na tembo hukulazimisha utembee kwa gari au na askari. Kitulo unashuka, unafunga kamba za viatu, unaanza kutembea. Hata hivyo hifadhi ina utaratibu wake. Ukifika getini uliza waziwazi ni njia zipi mnaruhusiwa kutembea peke yenu na ni zipi zinazohitaji askari au mwongozaji, hasa ukitaka kuingia kwenye msitu wa Livingstone. Msitu huo ni makazi ya kipunji, kima wa mtini ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 2003 tu na kumwandika rasmi mwaka 2005, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake zamani. Ndani ya msitu ule mtu asiyejua njia hupotea haraka, kwa hiyo huko chukua mwongozaji bila ubishi.

Maana kujiongoza si kwenda bila mtu wa kukuuliza habari zako. Ni kuibeba mwenyewe kazi ya mwongozaji: kujua saa, kujua njia ya kurudi, kujua nani anajua ulipo. Kila asubuhi mwambie mwenye gesti unakoelekea na saa unayotarajia kurudi. Mwachie namba yako. Kama umekwenda na bodaboda, patana naye saa ya kukufuata na mpe malipo ya kurudi mkishaonana tena. Ramani ipakue kwenye simu ukiwa bado mjini, kwa kuwa mtandao uwandani hukatika, na chaji ya betri hushuka upesi kwenye baridi. Iweke simu mfuko wa ndani, karibu na mwili, na ubebe pawa benki.

Kuhusu barabara, kuna njia tatu za kupanda na kila moja ina tabia yake. Ya kwanza hutoka Chimala, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, na kupanda ukingo wa mlima kwa kona zinazojulikana kama Hamsini na Saba hadi Matamba. Mandhari yake haina mfano: kila kona inakuinua juu ya bonde la Usangu mpaka mashamba ya mpunga yanakuwa viraka. Lakini ni ya mawe na utelezi, na siku ya mvua kubwa siishauri kwa dereva asiyeizoea, hata kama gari lake lina nguvu za magurudumu manne. Panda nayo asubuhi kavu au iache. Ya pili hutoka Isyonje, kwenye barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, ikipita Kikondo. Hii ndiyo inayomfaa zaidi anayetaka kuunganisha maua na maporomoko, kwa sababu Isyonje iko katikati ya mambo hayo mawili. Ya tatu hutoka Njombe kupitia Makete. Kipande cha Njombe hadi Makete ni cha lami, kilometa 100 na ushee, na anayetokea Iringa au Songea ataona ni nafuu zaidi. Usafiri wa umma upo kwa kadiri: Costa na Noah za Mbeya kwenda Tukuyu hupita mfululizo kutwa, lakini kutoka Isyonje kupanda juu magari ni machache na huondoka yakijaa, kwa hiyo fika mapema sana au uwe na bodaboda unayemwamini. Anayekuja kwa ndege atashukia uwanja wa Songwe, nje kidogo ya Mbeya.

Mpangilio wa siku ndipo watu wengi wanapokosea. Wanakwenda Kitulo kwanza kwa sababu ndiyo waliyoisikia, wanakuta ukungu, wanakaa kwenye gari saa nzima, wanashuka wamenuna. Anza chini. Lala Tukuyu au Mbeya, pitia maporomoko ya Rungwe siku ya kwanza, mwili uzoee baridi na mwinuko kidogokidogo, nawe usome tabia ya mvua ya juma hilo: inaanza saa ngapi, inatoka upande gani, inakaa muda gani. Ukishaijua, panda Kitulo. Na ukiweza, weka siku moja ya akiba isiyo na jambo lolote. Ukungu ukikunyima Kitulo siku ya pili, siku ya tatu itakulipa. Mtu mwenye siku moja tu ya Kitulo anacheza bahati nasibu.

Siku nyingi za msimu huu asubuhi huwa na uwazi, mawingu hukusanyika kuelekea mchana, na mvua hupiga alasiri. Kwa hiyo uwe getini mapema, na vitambulisho vya uraia mkononi, kwa sababu kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki ni sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni. Malipo ya TANAPA hupita kwa kadi au kwa namba ya malipo, si kwa noti, kwa hiyo ulizia na kukamilisha jambo hilo ukiwa Mbeya ambako mtandao hauna shida. Saa tatu hadi saa sita ndiyo saa ya maua. Kabla ya hapo umande ni mwingi na baadhi yameufunga mdomo. Yale ya njano ya jamii ya alizeti, na yale madogo ya hipoksisi yenye petali sita kama nyota, hufunguka jua likishayafikia na kujifunga tena wingu likija au siku ikisonga.

Sasa namna ya kutazama. Usitembee kilometa nyingi. Chagua mteremko mmoja wenye mawe kidogo na kijito chini yake, na uumalize huo. Sehemu ya juu iliyo kavu ina mimea yake, katikati ina yake, na kwenye majimaji chini kuna mingine kabisa; meta 200 za mteremko zitakupa aina nyingi kuliko kutembea saa mbili juu ya uwanda ulio sawa. Shuka polepole, simama, chuchumaa. Atakayekwenda na watoto atashangaa, wao huwaona wadudu na maua madogo kabla ya mtu mzima kwa sababu macho yao yako karibu na ardhi.

Ua ambalo hutalikosa ni la nifofia, linalosimama juu ya shina tupu mithili ya mwenge. Litazame kwa karibu. Kile kichwa si ua moja bali mamia ya vimrija vilivyoning'inia, na havifunguki pamoja: vya chini hutangulia, vikishafunguka rangi yake hupauka kuelekea njano, wakati vya juu bado vimefumba na ni vyekundu. Ndiyo maana kichwa kimoja huwa na rangi mbili zenye mpaka, na mpaka huo hupanda juu siku hadi siku. Ukikaa kimya umbali wa hatua kumi hivi, chozi atakuja. Atatua kwenye shina, atainamisha mdomo wake uliopinda kwenye vimrija vilivyofunguka tu, avipitie kimoja kimoja akizunguka shina, wala hatavigusa vile vyekundu vya juu. Akiondoka, kipaji chake cha uso huwa na vumbi la chavua, na ua linalofuata litalipokea.

Okidi zinahitaji uvumilivu zaidi, kwa kuwa nyingi za Kitulo si zile kubwa za kwenye vyungu vya hotelini. Ni mashina ya urefu wa kiganja hadi goti, yenye maua madogo yaliyopangana kuzunguka shina. Ili ujue unatazama kundi gani, angalia nyuma ya ua moja moja na uhesabu mikia, ile mirija myembamba ambamo asali hukaa. Ukikuta miwili inayoshuka sambamba kutoka kwenye kofia ya ua, hiyo ni satirio. Ukikuta mmoja unaotoka kwenye kofia, yaelekea ni disa, na disa za hapa zina waridi na wekundu wa kupendeza. Ukikuta ua la kijani au jeupe lenye mkia mmoja mrefu unaoning'inia chini yake, hapo fikiria habenaria. Kanuni hizi tatu hazitakupa jina kamili, lakini zitakufanya uangalie, na ukishaangalia maua kumi kwa namna hiyo hutarudi kuyaita yote maua ya porini.

Kupiga picha kwa simu, lala chini kabisa, ua liwe usawa wa macho yako, na uliweke kwenye kivuli cha mwili wako kama jua ni kali, kwani mwanga wa mwinuko ule huunguza rangi. Piga picha tatu za kila mmea: ua, jani, na mmea mzima mahali ulipoota. Mtaalamu ukimwonyesha ua peke yake mara nyingi hatakuwa na la kukujibu. Kabla hujalala, angalia unalalia nini. Nimeona watu wamekanyaga maua madogo matano ili wapige picha kubwa moja, na kila nikikumbuka inaniuma.

Tenga pia macho kwa ndege. Tandawala wa Denham, mkubwa wa kimo, hutembea nyasini bila haraka, na mbayuwayu wa buluu, ambaye ni adimu duniani, huja kuzaliana katika nyanda hizi wakati wa mvua. Ukiona mbayuwayu mwenye mkia mrefu wenye ncha mbili na rangi ya buluu mwili mzima, simama. Wapo wapenda ndege waliovuka bahari kwa ajili yake.

Ifikapo saa sita, mawingu yakianza kupanda kichwa, geuza. Hili nalisema kwa mkazo. Uwanda wa Kitulo karibu hauna miti, na mtu aliyesimama juu yake ndiye kitu kirefu kuliko vyote. Radi ya huko si ya kusikiliza ukiwa njiani. Ukiona mwanga na ngurumo ikafika kabla hujahesabu sekunde 30, tayari uko ndani ya hatari: toka kwenye mgongo wa kilima, usijikinge chini ya mti wa peke yake, na kama gari liko karibu ingia na ufunge milango. Ukungu nao ukishuka ghafla, usitangetange kutafuta njia; simameni pamoja, subirini, kwa kawaida hupasuka. Na baridi ya mvua huumiza watu wa pwani kuliko wanavyodhani, maana wao huhesabu joto la mchana na kusahau upepo juu ya nguo iliyolowa. Sweta la sufu, koti la mvua lisilopitisha maji, kofia, na nguo kavu ya kubadilisha iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Vyote hivyo utavipata kwenye mitumba ya Mbeya kwa bei ya kawaida. Gambuti zinafaa sana kwenye majimaji ya Kitulo. Kwenye miamba ya maporomoko hazifai kabisa, zinateleza, huko vaa viatu vya kamba vyenye meno.

Rungwe ni nchi nyingine. Unashuka kutoka kwenye nyasi baridi hadi kwenye migomba, chai na maparachichi, udongo mweusi wa volkano, mito inayosikika kabla haijaonekana. Mto Kiwira ndio uti wa mgongo wa matembezi hapa. Juu, kuelekea Tukuyu, kuna Daraja la Mungu, upinde wa mwamba uliojijenga wenyewe juu ya mto pale lava ilipopoa, na karibu yake kuna Kijungu, ambapo mto mzima hubanwa kwenye mwamba na kuzunguka kwenye shimo kabla ya kutoka upande wa pili. Kijungu kimo kwenye eneo la Magereza, kwa hiyo jiandikishe getini, eleza shida yako kwa adabu, na usielekeze kamera kwenye majengo. Kusini zaidi ya Tukuyu kuna Kaporogwe, na kama una nafasi ya poromoko moja tu, nenda hilo. Maji huanguka mbele ya pango pana, na njia huweza kukufikisha nyuma ya pazia la maji, ukatazama mashamba kupitia maji yenyewe. Ndani ya Kitulo pia, upande wa Matamba, bonde la Numbe lina maporomoko yake na msitu wa mitarakwa mirefu, nalo linafaa kwa anayeshuka kwa njia ya Chimala.

Wakati wa mvua maporomoko haya yana nguvu ambazo picha za kiangazi hazikuandai. Ukifika, usikimbilie chini. Kaa kwanza mahali pa juu palipo imara, utazame dakika kumi. Maji yana rangi gani? Kama ni meupe na chini yake ni safi, mto umetulia. Kama yana rangi ya chai ya maziwa, mvua imenyesha huko juu. Na kama ukiwa chini unaona maji yanabadilika rangi, majani na vijiti vinaanza kupita, au mlio unakuwa mzito kuliko ulipofika, panda mara moja, usisubiri kukusanya vitu. Mto wa mlimani hujaa kwa mvua ambayo wewe hujaiona, kwa kuwa imenyesha upande wa pili wa kilima na juu ya kichwa chako kuna jua.

Miamba ya hapa ni ya volkano, myeusi, iliyosuguliwa na maji, na popote pafikapo manyunyu huota utando wa kijani unaoteleza kuliko sabuni. Tembea juu ya udongo na mizizi, epuka mwamba uliolowa. Usivuke mto juu ya poromoko hata kama maji ni ya kifundo cha mguu na hata kama umewaona wenyeji wakivuka. Wao wanajua jiwe lipi ni imara, nao huvuka kwa shida zao za kila siku. Kuogelea chini ya poromoko msimu huu si jambo la kushauri. Kwa watoto, weka sheria moja tu na uishike: hakuna anayetangulia mtu mzima kwenye mteremko, wala anayebaki nyuma yake.

Maporomoko mengi ya Rungwe yamo ndani ya vijiji, karibu na mashamba ya watu. Kabla ya kushuka, pita ofisi ya kijiji au uliza ilipo. Kama kuna ushuru, lipa na uchukue risiti. Kijana akijitolea kukuonyesha njia, patana naye bei kabla ya kuondoka, na kama anaonekana ni wa kuwa darasani saa hiyo, mwambie arudi shule nawe utafute mkubwa. Salimia. Huku mkubwa hapitwi kimyakimya; salamu ya Kinyakyusa ya mgeni kwa mama anayechuma chai hufungua mazungumzo, na mazungumzo hayo ndiyo yatakayokuambia kwamba daraja la miti limeondoka juzi na upite kwa kina fulani. Hakuna ramani ya simu inayolijua hilo. Kuhusu chakula usibebe mzigo: ndizi za kuchoma, maparachichi, maziwa na chai vipo kila kituo, na Uyole njiani utapata viazi na mboga. Kitulo ndiko kwa kubeba, maana uwandani hakuna pa kununua hata maji.

Imebaki habari ya chikanda. Zambia kuna chakula kipendwacho kinachotengenezwa kwa viazi vya okidi vilivyosagwa pamoja na karanga, na mahitaji yake yalipozidi uwezo wa okidi za huko, wachuuzi waligeukia nyanda hizi. Viazi vya disa, satirio na habenaria vilichimbwa Kitulo na vilima jirani kwa mamilioni kila mwaka, na hilo ni moja ya mambo yaliyosukuma kuanzishwa kwa hifadhi. Ukikichukua kiazi cha okidi ya aina hii, mmea umekwisha. Na kuihamishia nyumbani haisaidii, kwa sababu mbegu zake hazina akiba ya chakula na huota kwa kutegemea kuvu maalumu waliomo kwenye udongo ule. Ukiing'oa ukaipanda Dar es Salaam, umeiua kwa taratibu tu.

Kwa hiyo usinunue kiazi wala mche wa okidi njiani, hata muuzaji akiwa mtoto mwenye kutia huruma. Nunua kwake viazi mviringo. Ukikuta mashimo mapya uwandani, au watu wenye magunia na vijembe, usibishane nao. Wengi ni maskini wanaotumwa na wenye pesa, na ugomvi mlimani hauna faida. Kumbuka mahali na saa, kisha waeleze askari getini unapotoka. Na picha zako za okidi ukizituma kwa marafiki au kuziweka mtandaoni, zima kwanza alama ya mahali kwenye simu, uandike Kitulo tu, bila kutaja kilima wala kijito.